Aifungue Aliyeifunga

Ting!

Skrubu ilianguka kwenye sakafu ya jikoni, ikaviringika hadi chini ya jiko, ikanyamaza. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Katika nyumba nzima walioamka walikuwa wawili tu, friji na mwenye nyumba.

Wiki iliyopita, msomaji wangu, tulimwacha Bwana Nukta ameshika bisibisi juu ya redio kuukuu, mkono umegoma kuzunguka. Sasa umezunguka. Skrubu ya kwanza ndiyo hiyo iliyoanguka, na bado zimebaki tatu.

Kama umeingia leo kwenye hadithi hii, kaa hapa karibu nikueleze haraka.

Bwana Nukta ndiye mwenye maduka ishirini na matatu ya vifaa vya umeme vilivyotumika: redio, televisheni, simu, pasi, mafriji. Kila duka lake lina nukta nyekundu mlangoni. Nukta hiyo ni tone la rangi ya kucha, na ilianza na dada yake mkubwa, zamani walipokuwa na chumba kimoja na meza moja. Kila kifaa cha mitumba kilifunguliwa, kikakaguliwa, kikafungwa, kisha dada akadondosha tone la rangi juu ya skrubu. Huwezi kufungua bila kulivunja tone. Mteja akilikuta zima, anajua kifaa kimepita mikononi mwa fundi.

Miaka kumi na tisa iliyopita shule zilinunua kwao redio arobaini. Tatu zikakutwa hazina transfoma, kile kipande kizito cha umeme cha ndani. Huko zilikotoka, mjanja fulani alikuwa ameing'oa, akaweka jiwe mahali pake ili redio isiwe nyepesi.

Mwalimu mkuu alikuja dukani na jiwe mkononi. Duka lilikuwa limejaa watu. Akauliza, "Nani aliyezitia muhuri hizi?"

Bwana Nukta alimtazama dada yake. "Mwenye rangi ni yeye," alisema.

Dada akachukua mkoba wake, akaondoka.

Tangu siku hiyo watu walisema, huyu bwana alimfukuza hata dada yake wa tumbo moja kwa ajili ya wateja. Wakamwamini. Duka likazaa duka. Na kila linapofunguliwa jipya, yeye husimama mbele ya wageni, husimulia habari ya dada aliyefunga mawe, kisha huweka tone la kwanza na watu hupiga makofi. Duka la ishirini na nne lilikuwa lifunguliwe leo, saa nne asubuhi.

Lakini jana yule mwalimu mkuu, ambaye sasa amestaafu, alileta redio ya nne. Ilikuwa imelala stoo miaka yote hiyo, watu wakidhani betri zake zimekufa. Aliipeleka kwanza kwa mama mmoja fundi, karibu na reli. Mama yule akaigeuza, akaitazama nyuma, akakataa kuifungua.

"Mpelekee Bwana Nukta," alisema. "Aifungue aliyeifunga."

Haya, turudi jikoni.

Bwana Nukta aliisogeza redio chini ya taa. Kabla ya kufungua skrubu ya pili alilitazama tone lake. Lilikuwa la mviringo kama punje ya dengu. Halikuwa na mkia.

Dada yake alitumia mkono wa kushoto. Alipaka kwa ile brashi ndogo ya chupa, na kila tone lake lilikuwa na mkia mwembamba uliokwenda pembeni. Brashi ile ilimshinda Bwana Nukta, kwa vile vidole vyake ni vinene. Yeye alichovya njiti ya kiberiti.

Kwenye skrubu ya tatu, ndani ya rangi, kulikuwa na kibanzi cha mti, kidogo kuliko kope.

Aliondoa kifuniko. Ndani mlikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa mlikuwa na jiwe.

Alilichukua, akaliweka kando ya kopo la sukari, akalitazama. Alingoja kusikia uchungu. Haukuja. Kifua chake kilikuwa kimya kama hiyo redio.

Ilimjia jioni ile yote. Mama yao alikuwa amelazwa, dada alikuwa hospitalini akimuuguza. Gari la kupeleka redio lilikuwa linakuja kabla ya jua kuchomoza. Walikubaliana kila mmoja ashughulikie ishirini. Yeye alifungua tano, akachoka, akazitia zilizobaki tone la rangi bila kuzigusa ndani. Dada alifika baadaye, akafungua ishirini zake moja baada ya nyingine.

Halikuwa jambo alilolificha kwa makusudi, msomaji wangu. Ni kwamba alijiambia mara nyingi mno kuwa alizifungua zote, mpaka akawa anakumbuka hata mlio wa skrubu ambazo hakuzigusa.

"Nilidhani mwizi," sauti ilisema mlangoni. "Nikasema, mwizi gani huyu anatengeneza vitu badala ya kubeba?"

Alikuwa mke wake. Alikuja na shali, akamfunika mabegani bila kuuliza kama anasikia baridi. Mikono yake ilikuwa na joto la kitandani.

Aliitazama redio, akalitazama na jiwe. Kisha akainama, akaziangalia skrubu zilizopangwa mezani.

"Kumbe ni katika zile za njiti," alisema polepole.

"Ndiyo," alijibu Bwana Nukta.

Mke akageuka upesi kutafuta birika.

"Ufunguzi utakwenda?"

"Ni saa nne."

"Na sasa unakwenda wapi?"

"Relini."

Birika lilijaa maji, likafurika, na mke hakufunga bomba.

"Baba watoto," alisema, bado amempa mgongo, "usiende mikono mitupu."

"Siendi mitupu," akasema Bwana Nukta, akaweka jiwe ndani ya mfuko pamoja na redio.

* * *

Karakana ya dada ilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, hatua chache kutoka relini. Upande mmoja alikaa fundi cherehani, upande wa pili alikaa yeye na makopo yake ya vipuri. Jua lilikuwa limepanda kiasi. Alikuwa ameinama juu ya pasi, miwani imefungwa kwa waya mwekundu mahali palipovunjika.

"Hodi."

"Karibu. Kinachoumwa ni nini?" aliuliza bila kuinua kichwa, kama anavyomuuliza kila mteja.

Halafu akatazama juu ya miwani.

"Aa," alisema. "Kumbe kinachoumwa ni wewe."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umenenepa."

"Kidogo."

"Kidogo! Umepita mlangoni kwa ubavu, halafu kidogo."

Fundi cherehani alicheka, kisha akakumbuka kuwa hayamhusu. Alikusanya nguo zilizokuwa zimejaa kwenye benchi ili mgeni apate pa kukaa, akasimama.

"Naenda kutafuta uzi," alisema.

Juu ya cherehani yake kulikuwa na vijiti vitatu vya uzi, vimejaa. Akatoka hivyo hivyo, akaurudisha mlango nyuma yake taratibu. Mimi mtu wa namna hiyo namwombea heri popote alipo.

Bwana Nukta akaketi, shali la mkewe bado mabegani. Alitoa redio, akatoa na jiwe, akaviweka mezani.

"Nimeifungua."

"Naona."

"Ni mimi, dada."

"Ndiyo. Ni wewe."

Dada aliiweka pasi pembeni. Hakuonekana na hasira wala furaha. Alimimina chai kutoka kwenye chupa, akatia vijiko vitatu vya sukari, akamsogezea. Vijiko vitatu! Hivyo ndivyo Bwana Nukta alivyokunywa chai akiwa kijana. Siku hizi daktari amemkataza, lakini alikunywa.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Asubuhi ile ile, gari lilipokwisha ondoka. Nilifagia meza. Kwenye kisahani cha chai nilikuta njiti zako. Zilikuwa na vichwa viwili kila moja, kimoja cha moto, kingine cha rangi yangu ya kucha."

"Njiti si kosa."

"Njiti si kosa. Lakini uliacha moja nyuma, redio ya ziada iliyokuwa na ufa, uliitia muhuri kisha hukuipakia. Nikaitazama skrubu yake. Kutu ilikuwa juu yake, haikuwa na hata mkwaruzo mmoja. Skrubu iliyoguswa na bisibisi mimi naijua, mdogo wangu, hata nikiwa na usingizi wa hospitali machoni."

"Mbona hukuniambia?"

"Gari lilikuwa limekwenda. Nikasema labda zote ni nzima, Mungu atatusitiri. Ungenuna bure."

"Na alipokuja mwalimu na jiwe?"

Dada alikunywa chai yake kidogo.

"Hapo nilikungoja wewe useme. Nilihesabu kimoyomoyo. Nilikuwa nimefika saba uliposema mwenye rangi ni yeye." Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Wala hukudanganya. Rangi ilikuwa yangu."

Bwana Nukta alijipekua ndani apate angalau machozi. Ilikuwa kama ulimi unavyotafuta jino lililong'olewa wakati sindano bado haijaisha nguvu. Pengo lilikuwepo, lakini halikuuma.

"Ungenitaja mbele yao, dada. Ulikuwa na haki."

"Na mama je? Pesa za dawa zake zilitoka dukani pale. Na duka lilikuwa mdomo wako. Wateja walikuja kukusikiliza wewe na porojo zako, mimi hata bei nilikuwa naona aibu kuitaja. Mimi nilikuwa na mikono tu, na mikono inabebeka. Nikaona atoke yule anayeweza kubeba kazi yake."

"Miaka kumi na tisa."

"Imepita. Mbona nimekula, nimelala, nimetengeneza pasi za watu. Hata mafriji yakinishinda nawaelekeza kwako."

"Wewe? Unawaelekeza kwangu?"

"Nawaambia nendeni kwenye nukta nyekundu, pale hufungua kila kitu kabla ya kuuza. Si hufungua?"

"Tunafungua," alisema Bwana Nukta. "Tangu siku ile hakuna kifaa hata kimoja kilichopita bila kufunguliwa."

"Basi," alisema dada.

Simu ya Bwana Nukta ililia.

Alikuwa meneja wake, anahema. "Bosi, uko wapi? Wageni wamekaa, kipaza sauti kiko tayari, utepe umefungwa, rangi ya kucha ipo kwenye sinia. Saa nne imegonga!"

"Niko kwa fundi."

"Gari limeharibika?"

"Gari zima."

"Sasa wageni niwaambie nini?"

Bwana Nukta alilitazama jiwe.

"Sogeza simu kwenye kipaza sauti. Nitaisimulia hadithi kutoka hapa."

Dada aliweka kikombe chini. "We! Unataka kufanya nini?"

"Nasimulia. Ni desturi yetu kila tunapofungua duka."

"Nani amekutuma? Una wafanyakazi wangapi?"

"Mia mbili."

"Wana watoto! Ukiwaambia watu kwamba muhuri ulianza na uongo, nani atanunua tena? Mimi nimeyameza miaka yote hii ili wewe uje uyatapike asubuhi moja?"

"Dada, nimekutangaza wewe mwizi mara ishirini na tatu," alisema Bwana Nukta. "Mara ishirini na tatu, na kipaza sauti. Ya ishirini na nne siwezi."

Dada alinyoosha mkono kuchukua simu. Mkono ukafika katikati ya meza, ukasimama hapo, kisha akaurudisha mwenyewe.

"Hamjambo wageni," Bwana Nukta alianza. Sauti yake ilikuwa tambarare, kama ya mtu anayesoma namba za simu. "Mnaijua habari ya redio arobaini. Mimi nilipewa ishirini. Nilifungua tano. Kumi na tano nilizitia muhuri bila kuzifungua, na mawe yalikuwa mle. Dada yangu alizifungua zake zote. Dada yangu hakukosa. Aliyefunga mawe ni mimi. Mwenye kuona hawezi kununua tena kwangu, sitamlaumu. Mwenye kifaa chenye shaka akilete, tutakifungua mbele yake. Nimemaliza."

Upande wa pili kiti kilikwaruza sakafu. Mtu akakohoa. Kiti kingine kikakwaruza, na kingine.

Kisha sauti ya meneja ikaja chini kabisa. "Bosi... nizime?"

"Zima."

"Na tone? Nani aweke tone?"

"Leo asiweke mtu. Fungueni milango tu, muone kama kuna atakayeingia."

Alikata simu. Nje treni ya mizigo ilipita, vipuri vikatetemeka ndani ya makopo mpaka behewa la mwisho likaisha.

Dada alikuwa amevua miwani. Aliifuta kwa upindo wa gauni, akaitazama, akaifuta tena.

"Chai yako inapoa," alisema.

"Nakunywa."

"Unajisikiaje?"

"Sijisikii kitu, dada. Tangu alfajiri. Nimekuwa kama mti."

"Itakuja. Utakuwa umekaa zako, labda unavua viatu, itakuja. Ikija usiizuie."

Alivuta kopo moja kutoka rafuni, akachakura, akatoa transfoma kuukuu yenye ukubwa ule ule. Hakusema kwamba aliiweka kwa ajili hiyo, wala mimi sisemi. Lakini ilikuwa imefungwa kwa karatasi peke yake, na vumbi halikuwa juu yake.

Alilehemu waya mbili kwa mkono wake wa kushoto. Bwana Nukta alimshikia taa, kama zamani. Alipoweka betri na kuzungusha kitufe, redio ilikoroma, ikakohoa, kisha mtu akasikika akisoma hali ya hewa. Mvua ilitarajiwa mchana.

"Sasa ifunge," dada alisema, akamsogezea chupa ndogo ya rangi nyekundu.

Bwana Nukta aliitazama ile brashi, akavitazama na vidole vyake.

Dada akafungua droo, akatoa kiberiti, akamchomolea njiti moja.

Aliweka matone manne, ya mviringo, yasiyo na mkia. Dada aliyakagua moja moja, akatikisa kichwa kukubali.

"Umeona? Si kazi ngumu," alisema. Halafu, kama mtu anayeendelea na mazungumzo ya kawaida, akaongeza, "Haya uliyoyasema leo ningefurahi kuyasikia ulipopata barua yangu. Lakini hukujibu, nikasema basi, hataki."

"Barua gani?"

Dada aliacha kufunga chupa.

"Barua yangu. Nilikuandikia mwezi mmoja baada ya kumzika mama. Nilikueleza yote, kwamba niliziona njiti, kwamba sina kinyongo, uje tunywe chai. Sikuiamini posta. Niliileta kwa mkono wangu mpaka mlangoni kwako."

"Sikupata barua, dada. Naapa."

"Haiwezekani. Alinikaribisha ndani, akanipa maji ya kunywa, akalia na kunishika mikono. Akaniambia akija tu nampa."

"Nani?"

Dada alilitazama lile shali.

Bwana Nukta alikuwa jikoni kwake tena, alfajiri, shali mabegani. *Kumbe ni katika zile za njiti.* Habari ya njiti za jioni ile hakupata kumwambia mtu yeyote duniani. Hakumwambia meneja, wala watoto. Na mke alimwoa mwaka mmoja baada ya dada kuondoka, hakupata kuingia kwenye kile chumba cha kwanza.

Alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu skrubu ianguke, kitu kilimchoma chini ya mbavu, chembamba kama ncha ya waya.

"Usikimbie," dada alisema. "Na usiende kumfokea mwanamke wa watu. Mtu hafichi barua miaka yote hiyo bila sababu. Mimi sijui sababu yake, na wewe huijui."

"Naondoka, dada."

"Nenda. Redio iache, nitaisikiliza." Alimsindikiza mpaka mlangoni, akalivuta shali lililokuwa limening'inia upande mmoja, akamfunika vizuri, kama mtoto anayekwenda shule. "Lakini njoo tena. Njoo Jumapili, nitakuwepo. Na uje na wifi yangu. Mwambie simkasirikii. Mwambie tu, kama bado anayo, aje na barua yangu."